Mkebe ni wa Tangi

Baba yao hakuwa mtu wa "hujambo" wala "habari za asubuhi". Akifika mlangoni mwa karakana, kofia ingali kichwani, swali lake lilikuwa moja tu: "Tangi lina maji?" Ukimjibu lina maji, basi siku imeanza, hata kama una homa ya kutetemesha meno. Wateja walicheka, majirani walimwigiza, na watoto wake wawili walikua wakidhani hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyosalimiana.

Tangi lenyewe si la maji ya kunywa, usije ukatumbukiza kikombe. Ni sanduku refu la plastiki nene lililokaa chini ya dirisha, limejaa maji ya kijani yenye chumvi za madini, ya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Upande huu unaning'iniza chuma cha mteja, upande ule unaning'iniza nikeli, unapitisha umeme katikati. Nikeli inamong'onyoka taratibu, inasafiri majini, inakwenda kukaa juu ya kile chuma. Bomba lililoingia limepauka linatoka linameta, unaweza kujitazama na kuchana nywele. Kazi hiyo inaitwa kuchovya, na ukitaka kuijua, fika karakana ile uone, maana mjini pale hakuna nyingine.

Kati ya watoto wawili, tangi lilimchagua mmoja. Kaka mkubwa lilimkataa kabisa. Akigusa yale maji tu, kesho yake mikono inavimba, upele unamtoka hadi kwenye viwiko, anajikuna mpaka damu. Kuna ngozi zisizoelewana na nikeli, na yake ilikuwa mojawapo. Baba akahangaika na dawa, mwisho akanyoosha mikono, akampeleka kusomea biashara. Akawa mtu wa ofisi, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi. Dada yake akabaki na tangi. Mtaa ukambandika jina la Nikeli, kwa kuwa nikeli ni ngumu, haishiki kutu, na ukiigonga inapiga kelele. Waliomjua walisema hiyo sababu ya tatu ingetosha.

Baba alipolala kitandani asiinuke tena, aliwaita wote wawili, na dada yake, yaani shangazi yao, akiwa ameketi miguuni pake kama shahidi. Akasema: "Karakana ni ya mwenye kuchovya. Siku tangi likikauka, uzeni mgawane, sitaki mlinde kuta tupu. Na ule mkebe ni wa tangi." Hakuongeza neno. Mtu aliyeishi bila salamu asingeweza kufa na hotuba.

Mkebe aliousema ulikuwa wa bati, wa biskuti za zamani, umekaa juu ya rafu nyuma ya chupa za asidi. Ndani yake mlikuwa na sarafu za zamani za nikeli tupu, alizozinunua kidogo kidogo kwa wauza vyuma chakavu. Alizichagua kwa sumaku. Sarafu nyingi nyeupe zinadanganya, nje zinameta, ndani ni shaba iliyochanganywa, na sumaku haina habari nazo. Nikeli tupu, ukisogeza sumaku, inaruka yenyewe na kung'ang'ania. Hizo ndizo alizoziweka, akiba ya siku ya dhiki, ili tangi lisilale njaa.

Na siku ya dhiki ikaja kweli. Duka lililokuwa likiagiza mapande ya nikeli kutoka nje lilifunga biashara hiyo. "Jaribu baada ya miezi kadhaa," Nikeli akaambiwa. Miezi kadhaa! Maji ya tangi hayangojei mtu, yakikaa bila kazi yanaharibika, unayamwaga, na kuyatengeneza upya kunataka mtaji ambao hakuwa nao. Isitoshe, alikuwa na kazi kubwa mkononi. Fundi viti, mwanamke anayeunda viti vya magurudumu naye mwenyewe akiwa ndani ya kimoja, alikuwa amemletea rimu za kusukumia, zile pete za nje ambazo mtu anazishika kwa kiganja kujiendesha. Viti vilitakiwa hospitali mwisho wa juma.

"Rangi inabanduka na kuwachubua mikono," fundi viti alikuwa amemwambia. "Kutu ndiyo usiseme. Mimi nataka nikeli. Ukishindwa niambie mapema, nitafute za plastiki, lakini nikishazizoea za plastiki sitarudi kwako. Nisikufiche."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na chungu. Rimu zisipochovywa, fundi viti anaondoka. Fundi viti akiondoka, tangi linakauka. Tangi likikauka, kaka anakuja na dalali. Kaka alikuwa ameshapita mara mbili juma lile, amesimama katikati ya karakana anapima kuta kwa macho. Hakuuliza habari ya tangi. Aliuliza kama choo cha nyuma kimo ndani ya kiwanja.

Asubuhi moja Nikeli aliushusha mkebe, akaziosha sarafu kwa brashi ya waya ili ziingie tangini bila uchafu, akazitandaza mezani. Ndipo kaka alipoingia, na nyuma yake bwana mmoja mwembamba, mzee kiasi, mwenye mkoba wa ngozi.

"Ala!" yule bwana akapiga kelele kabla hata ya kusalimu. "Mama, weka hiyo brashi chini! Tafadhali!"

Nikeli akaishika vizuri zaidi. "Na wewe nani?"

"Ni mkusanyaji wa sarafu za kale," kaka akasema, huku akitabasamu. "Nilimtumia picha niliyopiga siku ya arobaini ya baba, mkebe ulikuwa wazi. Amesafiri kuja kuziona. Mpe kiti basi dada, mgeni huyo."

Shangazi alikuwa kwenye kona yake, anafuma kitambaa kama kawaida. Hakuinua macho. "Mgeni aliyekuja na mwenyeji anayejikaribisha," akasema. "Haya, kiti kile pale, kina mguu mbovu, ukalie kwa adabu."

Mkusanyaji aliketi kwa adabu kweli. Akavaa glavu nyeupe za pamba, akatoa kioo cha kukuza, akaanza kuzigeuza moja moja, akizishika ukingoni tu. Hakuwa mtu mbaya, na tusimsingizie. Alizungumza na zile sarafu kama mtu anayewatambua wajukuu zake uwanjani.

"Unajua kwa nini walianza kutengeneza sarafu za nikeli?" akasema bila kumwangalia mtu. "Chuma kigumu. Kinayeyuka kwa moto mkali sana ambao mghushi wa uchochoroni hana. Sarafu inapita mikononi miaka na miaka na sura haifutiki. Kisha ikaja vita kuu, na wakubwa wakakumbuka kwamba nikeli hiyohiyo ndiyo inayokaza chuma cha vifaru na mizinga. Sehemu nyingi wakatangaza: rudisheni sarafu, mtapewa za zinki. Tani kwa tani zikaingia tanuri. Wenye kutii wakatii."

"Na wasiotii?" Nikeli akauliza. Hapo alikuwa ameanza kumsikiliza.

"Wakazishonea kwenye magodoro." Mkusanyaji akacheka. "Ndiyo maana hizi zipo. Nyingi humu ni za kawaida, thamani yake ni ya kuchekesha. Na ulizozipiga brashi, nisamehe, umezishusha zaidi. Sisi hatutaki sarafu inayong'aa, tunataka ile ngozi yake ya uzee. Lakini hii hapa..."

Akatoa moja kwenye rundo ambalo brashi haikulifikia, akaiweka juu ya kitambaa cheusi. Ilikuwa kijivu, imefifia, ukiiona barabarani ungeiruka.

"Hii ni ya mwaka wa mwisho. Zilipigwa, lakini hazikutoka kiwandani. Zilirudishwa tanurini zingali moto. Nilikuwa nimesikia tu kwamba chache zilitoroka. Leo nimeishika."

Kisha akataja bei. Kaka alikuwa amesimama, akaketi. Kwa kuwa kiti cha wageni kilikuwa kimoja, aliketi juu ya ndoo ya msasa.

"Dada," kaka akasema sauti ikiwa laini ghafla, "umesikia?"

"Nimesikia. Masikio ninayo."

"Basi yamekwisha! Tunauza hii moja, tunagawana nusu kwa nusu. Unaachana na mivuke hii inayokuchoma kifua. Karakana tunaiuza pia, unafungua duka zuri, unakaa kwenye feni. Baba alipousema ule mkebe hakujua ndani yake mna nini. Angelijua, angesema ni urithi."

Nikeli hakuwa malaika, naye alitamani. Tuseme ukweli, aliliona paa la nyumba yake lisilovuja. Aliona kifua chake kikipumua hewa isiyo na asidi. Akamgeukia mkusanyaji. "Ukinilipa leo, nitapata wapi mapande ya nikeli kabla ya mwisho wa juma?"

Mkusanyaji akafikiri kwa unyoofu. "Sidhani kama utapata mahali. Si kwa siku chache."

"Basi niuze hii moja," akasema Nikeli, kama anayejisemesha, "nizitie tangini hizi nyingine."

"Thubutu!" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi. Sindano za kufumia zilikuwa zimesimama. "Sikiliza wewe. Ukitoa moja humo ukaigawa nusu kwa nusu, umekiri kwamba mkebe ni urithi. Mkebe ukiwa urithi, maneno ya kaka yangu, baba yenu, yamekufa. Na yakifa ya mkebe, ya tangi yatabaki hai kwa dawa gani? Kesho huyu atadai tangi, keshokutwa atadai waya. Bandu bandu huisha gogo. Mimi nilikuwepo, nimeketi miguuni pake. Hakusema mkebe ni wa tangi isipokuwa ile nzuri."

"Shangazi, wewe kila siku uko upande wake," kaka akanung'unika.

"Mimi niko upande wa kiti changu, na kiti changu kimo humu. Endelea."

Kaka akainuka kutoka kwenye ndoo. Ulaini ulikuwa umemwisha. "Haya. Tuseme wazi. Hiyo mali ni ya baba, na mimi ni mwanawe wa kwanza. Hutaigusa. Nakukataza."

Laiti angesema neno lingine lolote. Angeomba, angelia, angesema ana deni, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini kumkataza Nikeli ndani ya karakana yake, mbele ya tangi lake! Mwanamke aliyeanza kubeba ndoo za asidi kabla hajafunga kitambaa kichwani! Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mzee," akamwambia mkusanyaji, "unasema hii ilitoroka tanuri?"

"Ndiyo, mama."

"Ilitoroka ili isiwe mzinga. Nami naipongeza. Sasa unataka ikalale kwenye sanduku lenye kitambaa, watu waitazame kwa kioo?"

"Ingehifadhiwa," mkusanyaji akasema kwa upole. "Nanunua, mama. Silazimishi."

"Ahsante kwa hilo. Ila humu ndani hatuhifadhi. Humu tunachovya."

Akazizoa sarafu zote kwa viganja viwili, ile ya kijivu ikiwemo, akazimwaga kwenye kikapu cha waya usioliwa na yale maji, akakivika mfuko wa kitambaa, akakitundika kwenye ndoano na kukizamisha. Rimu za kwanza zilikuwa zimeshaning'inia upande wa pili. Akabonyeza swichi. Ile mashine ya umeme ikanguruma.

"Nikeli!" kaka akapiga ukelele, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina la mtaani. "Umerukwa na akili!"

"Mkebe ni wa tangi," Nikeli akajibu. "Kama hujasikia vizuri, mwulize baba."

Mkusanyaji alikuwa amevua glavu zake. Aliufunga mkoba polepole, akatazama maji ya kijani kwa uso wa mtu aliyefiwa, akasema, "Nimeishika, angalau." Akawaaga wote kwa heshima, akaenda zake.

Kaka hakuondoka. Alizunguka, akalalama, akanywa maji, hatimaye akatulia. Mchana shangazi na Nikeli walipokwenda chumba cha nyuma kula, alisema hana njaa. Waliporudi walimkuta mlangoni, mikono mfukoni. "Basi dada, yaishe," akasema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Nikeli aliona uchungu kidogo. Akadhani labda amemwonea.

Rimu za siku ile zilitoka kama mwezi. Lakini za kesho yake, loo! Nikeli alizivuta kutoka majini, akazigeuza. Juu zilimeta, ila penye viungio, penye kona, zilikuwa na weusi mchafu kama moshi wa taa. Akazisugua, akaosha, akachovya upya. Weusi ukazidi. Akapima joto, akapima umeme, akanusa maji, akayaonja hata, jambo ambalo baba alikuwa akimpigia kelele. Kila kitu kilikuwa sawa, lakini kila rimu ilikuwa mbovu.

Na kama ilivyo desturi ya balaa, fundi viti akatokea muda huohuo, akajisukuma hadi kando ya meza, akaokota rimu moja na kuigeuzageuza.

"Hii nini?"

"Sijui," Nikeli akasema. Hakuwa amewahi kutamka neno hilo mbele ya mteja.

"Keshokutwa vinapakiwa."

"Najua."

"Mimi sitapeleka hospitali viti vyenye kipindupindu." Lakini alipouona uso wa Nikeli, fundi viti akapunguza ukali. "Nipe jibu mpaka kesho jioni. Zaidi ya hapo siwezi, mwenzangu. Ningeweza ningekupa."

Alipoondoka, Nikeli aliketi juu ya ndoo ileile ya msasa, akalia. Alilia kwa hasira kuliko huzuni. Hazina ameiyeyusha, kazi imeharibika, na kaka atacheka mpaka ajambe. Labda sarafu za zamani zilikuwa na laana yake. Labda kiburi ni kiburi tu, hata ukikiita msimamo.

"Ukimaliza kulia," shangazi akasema kutoka konani, "baba yako alikuwa akiona weusi wa hivyo anasemaje?"

Nikeli akafuta pua kwa mkono. "Anasema shaba imeingia."

"Shaba imeingilia wapi?"

Nikeli akasimama. Haikuwezekana! Alizipima zote kwa sumaku, na baba alizipima kabla yake. Akakinyanyua kikapu, akazimwaga sarafu kwenye karai, akachukua sumaku. Moja ikaruka, ikang'ang'ania. Ya pili, ya tatu, zote zikaruka kama panzi, japo zilikuwa zimeliwa na kukonda, nyuso hazitambulikani. Zilipokwisha, ilibaki moja chini ya karai. Akaisogezea sumaku. Haikutikisika hata kidogo. Akaigeuza: nayo imeliwa, wekundu wa shaba umeanza kuchungulia ukingoni, lakini alama yake ilisomeka bado. Ilikuwa sarafu ya siku hizi, ya kununulia pipi dukani.

Akatafuta ile ya kijivu, ambayo ilikuwa kubwa kidogo kuliko wenzake. Haikuwepo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shangazi akasema, wala hakuonekana kushangaa.

"Alitumbukiza mkono wake humu?" Nikeli akanong'ona. "Kaka? Kwenye tangi?"

Ilikuwa vile. Kaka, mtoto wa mchovyaji, aliichomoa sarafu ya thamani mchana ule walipokuwa wakila, na ili pengo lisionekane, akaweka nyeupe nyingine iliyokuwa mfukoni. Nyeupe kwa nyeupe. Aliishi nje ya karakana miaka yote hiyo, akasahau jambo la kwanza ambalo baba aliwafundisha walipokuwa wadogo, kwamba weupe hauaminiki mpaka sumaku iseme.

Hasira iliyomshika Nikeli sasa ilikuwa ya kufanyia kazi. Hakumpigia kaka simu, hakutoka nje kutangaza. Alipanda juu ya banda, akang'oa kipande cha bati la migongo lililokuwa halina kazi, akalisugua kwa msasa na kulisafisha kwa asidi, akalining'iniza tangini mahali pa rimu. Akapunguza umeme mpaka mashine ikawa inakoroma tu. Umeme mdogo hauna nguvu ya kuvuta nikeli sawasawa, ila shaba ni nyepesi kwa tamaa, inakuja hata ukiiita kwa kunong'ona, nayo hupenda kujificha mabondeni mwa bati. Ndivyo baba alivyokuwa akilitibu tangi. Kesho yake asubuhi nzima Nikeli alisimama pale, anakoroga, anachungulia, na yale mabonde yakaanza kuwa meusi. Kila weusi ulipozidi batini, shaba ilipungua majini.

"Njoo mchafu wewe," alikuwa akiisemesha shaba. "Njoo, toka humo, kwenu si hapa."

Baada ya chakula cha mchana alilitoa bati, akaning'iniza rimu moja ya majaribio. Akangoja. Hakuketi. Alipoivuta, alisogea nayo dirishani, akaitazama kwenye viungio, kwenye kona, akaigeuza, akaitazama tena. Aliona uso wake mwenyewe umepinda, macho mekundu, kitambaa kimekaa upande. Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Fundi viti alipokuja jioni, alikuta kazi inaendelea na rimu zilizokamilika zimepangwa ukutani. Alipitisha kiganja kwenye moja, kote, kama anayempapasa mtoto kutafuta uvimbe. "Sasa hii," akasema, "hii ni ya kushikwa." Siku ya kupakia akaja kuzichukua zote, amezipakia nyingine mapajani, na ilikuwa wakati huo, katikati ya vicheko, kaka akaingia.

Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo vyote, na mkono wa kulia umo mfukoni.

"Karibu mwanangu," shangazi akasema kwa sauti tamu isiyo yake. "Toa mkono mfukoni tusalimiane."

"Shangazi, nina..."

"Toa mkono."

Akautoa. Ulikuwa umevimba, umejaa upele mwekundu hadi kwenye kifundo, kucha zimeacha michirizi. Hakuna aliyecheka, ingawa fundi viti ilimbidi atazame dari.

Kaka akafungua kiganja kingine. Humo mlikuwa na kipande cha kijivu, chembamba, kimeliwa upande mmoja mpaka kimeingia ndani. Saa zile chache tangini zilitosha. Sura ilikuwa imekwenda, na mwaka umekwenda.

"Nilimfuata mkusanyaji hadi kwake," akasema. "Akaitazama muda mrefu. Akasema uso umeliwa, hakuna atakayeamini ilikuwa nini. Akanirudishia." Akakigeuza kile kipande. "Akasema sasa ni chuma tu."

"Na sisi chuma ndicho tunachotaka," Nikeli akasema. "Unajua ulichokifanya? Umetia shaba kwenye tangi la baba. Nusura uliue. Nusura uniue mimi."

"Sikujua kama ni shaba."

"Ungejua! Ungechukua sumaku, iko pale pale ukutani alipoitundika!"

"Sikuwa na muda wa sumaku!" kaka akapaza sauti, na ghafla haikuwa sauti ya ofisini. "Wewe unasema baba, baba. Wewe baba alikuachia tangi. Mimi aliniachia nini? Aliniachia upele! Kila asubuhi alikuwa anapita mlangoni anauliza tangi lina maji, anakuangalia wewe. Mimi nipo palepale, anakuangalia wewe. Nilisema basi, hata kitu kimoja kutoka humu na mimi nikipate. Kimoja tu."

Nikeli alimwonea huruma, na hakuipenda huruma hiyo. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia. Lakini huruma ni huruma na tangi ni tangi, na yeye hakuwa tayari kuuza la pili kwa sababu ya la kwanza. Akatoa koleo ukutani, akampa.

"Irudishe."

"Dada, imebaki hii tu."

"Irudishe mwenyewe. Kwa koleo, usiguse maji. Ukitaka kupata kitu kutoka humu, anza kwa kutia. Mwanawe wa kwanza hajawahi kulilisha tangi hata siku moja. Hukuruhusiwa kwa mikono, sawa, koleo hilo hapo. Sikukukataza kuingia humu, wala sitakukataza. Ila hiki hakitoki."

Kaka alilishikilia koleo kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Akaishika ile sarafu, akasogea tangini hatua kwa hatua, uso umegeukia pembeni kukwepa mvuke. Akaiachia kikapuni, ikagonga wenzake kwa mlio mdogo. Upande wa pili ilikuwa imening'inia rimu ya mwisho, ya kiti cha mwisho, nayo ilikuwa inaanza kuwa nyeupe.

Wakaitazama wote mpaka ilipokuwa tayari. Nikeli akaivuta, akaiosha, akaikausha, akamkabidhi fundi viti, naye akaiweka juu ya nyingine mapajani, akaaga. Kaka alinyoosha mkono kuigusa ilipompitia.

"Acha!" Nikeli na shangazi wakasema kwa pamoja. "Itakuwasha!"

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kaka alicheka. Akaushusha mkono, akaurudisha mfukoni, akaelekea mlangoni. Pale kizingitini, alipokuwa akisimama mwenye kofia, alisita. Hakugeuka vizuri, aligeuza kichwa tu.

"Tangi lina maji?" akauliza.

Nikeli alikuwa ameshainama kazini.

"Limejaa, kaka," akajibu. "Rudishia mlango, vumbi linaingia."